Jina Nililolifuta kwa Raba

Ninyi mnaoanza ualimu, na ninyi mnaozunguka na simu mkiwarekodi wazee, ombi langu la kwanza ni dogo: zitupeni raba zenu. Najua maduka ya mtaa wa Mukendo, pale Musoma, mnakozinunua, zile zenye harufu ya peremende. Mimi nilizipenda kuliko ninyi. Yangu niliifunga kwa uzi kwenye penseli isije ikapotea. Laiti ingepotea.

Nitaeleza, ila msitegemee mpangilio. Nikijaribu kupanga naanza kufuta, na nikianza kufuta simalizi.

Mimi ni Mwalimu Perusi. Nimefundisha shule za msingi tangu ujana hadi kustaafu, kwanza kijijini kwetu kwenye rasi, nje ya Musoma, kisha Bunda. Sasa ninaishi Kamunyonge, Musoma mjini, na kuku wanne na madaftari mengi. Historia sikuisomea, chuoni nilijifunza kufundisha hesabu. Kazi ya kuandika habari za kijiji nilijifundisha mwenyewe, na ada yake niliilipa kwa makosa. Kitabu changu kidogo chenye jalada la kijani, ambacho baadhi yenu mmekiona shuleni, kina majina ishirini na matatu ya mawe ya kijiji chetu. Ishirini na mawili ni ya kweli. Moja nililifuta nikaandika jingine juu yake, na lile la chini nimelitafuta karibu maisha yangu yote ya kazi.

Mtu asiyetoka kwetu atauliza: mawe nayo yana majina? Yana. Kijijini mawe yameteremka hadi majini, makubwa, migongo wazi, na ikifika saa nne huwezi kuyakanyaga bila viatu. Juu yake wanawake wanaanika muhogo, mtama na dagaa. Kila nyumba ina jiwe lake. Watu wote wanasema tu "kwa fulani", kwa jina la mama anayeanika pale wakati huo, lakini jiwe lina jina lake hasa, na hilo wanaume hawalijui. Hata binti aliyezaliwa nyumba hiyo halijui, maana ataolewa kwingine. Anayepewa ni mkamwana. Siku mama mkwe akimwona mke wa mwanawe amekomaa, anampeleka jiweni, anaweka kiganja juu ya jiwe, analitaja jina mbele ya mwanamke mmoja shahidi. Mkamwana naye anaweka kiganja na kusema, "Nimeliona." Basi. Hakuna hotuba, hakuna soda.

Nilimwendea Bibi Nyafuru nikiwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa mkubwa kuliko wanawake wote wa kijiji, ndiyo maana wengi walimwita awe shahidi wao, na majina yakamjaa. Nilikwenda na daftari jipya na maswali kumi na manane niliyoyapanga kwa herufi. Swali la kwanza: "Eleza chimbuko la majina ya mawe." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mlevi.

"Wewe ni binti wa hapa," akasema. "Binti haonyeshwi."

"Mimi ni mwalimu, bibi."

"Mwalimu anaolewaga na nani?"

Mama mmoja aliyekuwa akiparua sato karibu yetu akajibu kwamba mwalimu huyu ameolewa na chaki. Walicheka mpaka nikasahau swali la pili.

Ila Bibi Nyafuru hakunifukuza. Alisema kama nataka kuonyeshwa, basi niwe mkamwana kwanza, nifanye kazi. Kila Jumamosi ya kiangazi kile nilifagia jiwe lake kwa tawi, nikabeba kapu la muhogo kutoka shambani, nikamenya, nikaanika. Kisu changu kilikuwa butu na mgongo wangu haukuzoea. Na kwa kuwa sikuweza kuona kitu bila kukinyoosha, nilivipanga vipande vya muhogo kwa mistari, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Bibi Nyafuru alisimama akavitazama kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "hawa hawaimbi wimbo wa taifa. Waache walale."

Hili liandikeni kwenye daftari zenu kabla ya kitu kingine chochote: usiulize historia, uliza kazi. Ukimwuliza bibi historia ya kijiji atakwambia hajui, nenda kwa wanaume. Ukimwuliza kwa nini muhogo wa upande huu unakauka haraka kuliko wa upande ule, utapata mwaka wa njaa, ugomvi wa wake wenza, na padri aliyeteleza akaingia ziwani na kanzu yake. Kaa upande ambao jua halimpigi usoni. Sikiliza kwanza kwa mikono yako yote, uandike ukifika nyumbani, kalamu isije ikamfanya azungumze kama redio. Redio yenyewe, ile ya kaseti, niliazima mara moja nikaiweka juu ya jiwe kwa fahari. Niliporudi kuisikiliza nilipata saa nzima ya upepo wa ziwa na jogoo mmoja. Jogoo alisikika vizuri sana.

Nawaambia haya yanayochekesha kwa sababu nayakumbuka kuliko yote. Natamani Jumamosi zile. Harufu ya udaga, ule muhogo uliovundikwa, ukianza kuiva, chachu kidogo, imechanganyika na harufu ya dagaa. Jiwe likikupasha moto kupitia sketi. Bibi Nyafuru anazungumza bila kunitazama, anageuza vipande kimoja kimoja, na kila akifika mwisho wa habari anapiga kisu kwenye jiwe mara moja, kama mtu anayeweka nukta. Sijapata tena mahali ambapo sikuogopa kukosea.

Wenye majina aliwaomba ruhusa mmoja mmoja. Baadhi walikataa, akawabembeleza, wakakubali. Yananoga zaidi kwa lugha yetu ya nyumbani, ila kwa Kiswahili ni kama haya: Mgongo wa Kiboko. Usinililie. La Anayechelewa. Mvua Ilinikuta. Kila jina na kisa chake, na kila jina nililishika kwa kiganja, nikasema "Nimeliona", kisha nikaliandika kwa penseli nyumbani. Jina la jiwe lake mwenyewe alilibakiza. Alinipa Jumamosi moja mwishoni mwa kiangazi, mvua ikiwa imeshanuka. Hakunipa kisa chake, alisema kisa kitakuja siku nyingine. Aliyekuwa shahidi wake alikwisha kufa zamani. Niliweka kiganja, nikasema nimeliona, nikaenda nyumbani nikaliandika. Nambari ishirini na tatu.

Hapa ndipo ninapopaogopa.

Mngedhani ningefurahi. Badala yake nilishikwa na hofu. Je, kama Bibi Nyafuru kakosea? Je, mkaguzi akija, akaniuliza nimethibitishaje? Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa huo: anaona kila mtu mwingine ana cheti cha jambo ambalo yeye analibahatisha. Basi nikalichukua daftari mpaka ofisi ya kijiji, mbele ya wazee wa kiume, wanithibitishie.

Aliyezungumza zaidi alikuwa Mzee Magesa, aliyewahi kuwa karani mahakamani. Alikuwa na sauti ambayo ukiisikia unatafuta kalamu. Nilisoma orodha. Majina ishirini na mawili ya kwanza waliyapita, wakasema hayo ni mambo ya jikoni, mwalimu aandike apendavyo. Nilipofika la ishirini na tatu wote walisema kwa pamoja. Jiwe lile, walisema, ni pale alipokaa mtemi alipokuja kuhesabu ng'ombe wa kijiji.

"Kiti cha Mtemi," Mzee Magesa akasema. "Andika."

Nami nilifuta palepale, mbele yao. Nilikuwa mfutaji hodari. Nilifuta kwa upande wa kona ili karatasi isichanike, nikapuliza vumbi, nikaandika Kiti cha Mtemi kwa mwandiko wa ubaoni. Na nikaona raha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kukiri. Nilidhani orodha yangu hatimaye imekuwa historia, kwa kuwa sasa ilikuwa na mtemi ndani yake.

Jumamosi iliyofuata nilimsomea Bibi Nyafuru orodha yote, kwa fahari, nimeketi palepale kwenye jiwe lake. Kwa kila jina alijibu, "Nimeliona," huku akigeuza muhogo. Mgongo wa Kiboko. Nimeliona. Usinililie. Nimeliona. Nikafika la mwisho. Kiti cha Mtemi.

Mkono wake ulisimama. Nilisubiri. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti ya darasani.

"Umesoma vizuri, mwalimu," akasema.

Hakugomba. Hakunifukuza. Alinipa uji kama siku zote, akaniulizia mama yangu. Ila tangu siku ile, kila nikitoa daftari alikuwa na kazi. Mara kuni, mara mgongo, mara mgeni anakuja. Kisa cha jiwe lake hakikuja. Ningeweza kumwuliza nimekosea wapi. Jibu nilikuwa nalijua, na ndiyo maana sikuuliza. Mtu anayependa kuwa sahihi kupita kiasi huwa mwoga hivyo: kosa lenyewe anaweza kuishi nalo, ila kuambiwa hawezi.

Baadaye nikahamishiwa Bunda. Bunda nilifundisha vizuri, nadhani. Nilikuwa na darasa la watoto sabini na ubao wenye ufa katikati, nikawazoesha kuandika habari za bibi zao. Watoto wakaleta mambo ambayo mtu mzima asingepewa. Mmoja aliniandikia kwamba bibi yake anasema historia ya ukoo wao ni ndefu ila tumbo linamuuma, nije kesho. Nilimpa alama zote. Huko ndiko niliposikia Bibi Nyafuru amefariki. Nilifika siku ya pili baada ya maziko. Nilikaa kwenye jiwe lake na wanawake wengine, na nikagundua kwamba jina la jiwe lile silikumbuki.

Msishangae. Ukishaandika kitu, kichwa kinastaafu. Nilikuwa nimeliamini daftari, na daftari nilikuwa nimelifuta.

Kitabu kilichapwa hata hivyo, kwenye duka la stationari pale Mukendo, kikabanwa kwa pini, jalada kijani kwa sababu kijani ndicho kilichobaki. Watu walinipongeza. Walimu walikitumia. Watoto walichora Kiti cha Mtemi na mtemi juu yake, ana miwani. Kila picha niliyoletewa niliitazama nikatafuta mkono wa mwanamke anayegeuza muhogo.

Kisha mawe yakaanza kupasuliwa kwa kokoto. Sina wa kumlaumu, watu wanajenga, na hata mimi sakafu yangu ya Kamunyonge ina kokoto. Siku moja nilikwenda kijijini kumsalimia shangazi nikakuta pale kwa Nyafuru pana shimo jeupe na chungu mbili za kokoto, na mama mmoja ameketi akigonga kwa nyundo. Nilimsalimia. Nikamwuliza jiwe hili linaitwaje. Akasema, "Si ndiyo Kiti cha Mtemi, mwalimu? Kiko kwenye kitabu."

Nilipostaafu nilipata muda, na muda ni kitu kibaya kwa mtu kama mimi. Asubuhi nililiweka daftari la zamani dirishani, jua likiwa bado chini, nikaliinamisha hivi na hivi. Penseli inaacha mfereji kwenye karatasi hata ukifuta. Hii nayo ishikeni, ni ufundi wa kweli: mwanga wa ubavu unasoma kilichofutwa. Chini ya Kiti cha Mtemi, baada ya siku nyingi za kukodoa macho, nilisoma herufi tatu za mwanzo. N, y, a.

Nilicheka peke yangu hadi kuku wakakimbia. Nya! Nusu ya majina ya wanawake wa mkoa wa Mara yanaanzia hapo. Nyafuru, Nyasatu, Nyangeta, Nyabweke. Ila nilipomaliza kucheka niliogopa, kwa kuwa nilielewa kwamba nilichofuta lilikuwa jina la mtu.

Alikuwepo mtu mmoja aliyebaki anayelijua, na nilikuwa najua tangu mwanzo kwamba yupo. Bibi Nyafuru alikuwa na mkamwana mmoja tu, Nyabweke, ambaye alihamia Butiama na mumewe walipopata shamba huko. Kutoka Musoma hadi Butiama si safari ya kufungia chakula. Miaka yote ile nilijiambia nitakwenda daftari likiwa tayari, orodha ikiwa safi, nguo ikiwa nzuri. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikwenda kiangazi kilichopita kwa kuwa goti langu lilianza kuuma, nikaona haya yangu yatadumu kuliko miguu.

Nyabweke amezeeka. Nilimkuta uani, amekaa na beseni la muhogo, anaanika kwenye turubai la bluu, maana jiwe la karibu liko mbali na nyumba yake. Nilipomsalimia alinitambua kabla sijajitaja.

"Mwalimu wa mistari," akasema. "Karibu. Kisu kile pale."

Nikamenya. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, nimeyaandika mara nne, yapo kwenye pochi. Hakunipa nafasi ya kuyatoa. Tulimaliza beseni zima kwanza. Ndipo nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, wazee, raba, Kiti cha Mtemi, Nya.

"Jina unalitaka la nini sasa?" akauliza. "Jiwe wamekwisha kulipasua."

Nikasema sijui. Nikasema nalitaka kwa sababu mimi ndiye niliyeliondoa.

Aligeuza vipande kadhaa. Kisha alinieleza kwamba mama mkwe wake alirudi nyumbani siku ile ya kusomewa, akakaa, akasema mwalimu amesoma, labda kitabu kinajua jambo ambalo sisi hatulijui. "Tangu hapo mbele za watu alikuwaga anaita Kiti cha Mtemi," akasema. "Tukiwa wenyewe tu ndipo alikuwa anaita la kwake."

Ningependelea angenipiga kwa kile kisu.

"Ni Nyamumwi," akasema Nyabweke. "Mama mkwe wa mama mkwe wangu. Ziwa lilimchukua."

Akanipa kisa ambacho Bibi Nyafuru alikibakiza. Nyamumwi alianika muhogo asubuhi, akashuka kuteka maji, mamba akamchukua. Walitafuta siku tatu, hawakupata hata khanga. Kwa hiyo hakuna kaburi pale nyumbani, hakuna mahali pa kukaa na kulia. Kilichobaki ni muhogo wake juu ya jiwe. Nyafuru alikuwa bibi harusi wa miezi michache, hajaonyeshwa jina lolote. Siku ile mawingu yalipojikusanya alikimbia akauanua muhogo wa mama mkwe wake wote, asubuhi akauanika tena, na tena, mpaka ukakauka, wala haukusagwa. Lile jina la zamani la jiwe Nyamumwi alikwenda nalo. Basi Nyafuru akaliita kwa jina lake, akamwita jirani mmoja awe shahidi.

"Ndipo alipokuwa amezikwa, mwalimu," akasema Nyabweke. "Juu pale."

Nilikumbuka nilivyokaa juu ya jiwe lile na sauti ya darasani, nikimsomea mtemi.

Nilitoa daftari. Safari hii nilikuwa na kalamu ya wino. Nikapiga mstari mmoja juu ya Kiti cha Mtemi, mstari ambao unaacha maneno yasomeke, kwa sababu wazee nao walisema walichosema na kosa langu ni la kweli kama jina lenyewe. Pembeni nikaandika Nyamumwi. Mwandiko ulitoka mbaya kabisa, nikauacha hivyo.

"Soma," akasema Nyabweke.

Nikamsomea toka mwanzo, majina yote ishirini na matatu. Mengi alikuwa hayajui, akayasikiliza tu. Nilipofika la mwisho sauti haikuwa ya darasani. Nikasema, "Nyamumwi."

Nikaogopa kuinua macho, nikikumbuka mkono wa Bibi Nyafuru ulivyosimama. Nilipoinua nikaona amesogeza vipande kadhaa vya muhogo, ameweka kiganja chake kwenye turubai, na chini ya turubai ni udongo wa Butiama, mwendo mrefu kutoka ziwani.

"Nimeliona," akasema.

Vitabu vya kijani nilivyobaki navyo nimevisahihisha kimoja kimoja kwa mkono, na vya shule nitavifuata goti likiruhusu. Ukikutana na nakala, tazama ukurasa wa mwisho. Kama bado ina mtemi peke yake, fanya nilivyofanya: mstari mmoja, jina pembeni, kwa wino. Penseli ninayo bado, ipo hapa mezani, na uzi wake. Kwenye ncha ya uzi hakuna kitu.